Pima choo kwanza, thieta baadaye

Tangu watu wajue kwamba nimebadilishwa nyonga na sasa natembea bila bakora simu haziishi. Wiki hii peke yake wamenipigia watatu, mmoja mama yake ana miaka 67 na nyonga imesagika, mwingine ni mwenzangu wa selimundu, yaani sikoseli, na wote swali la kwanza ni lile lile, dada, inauma? Nawajibu ndio inauma ila maumivu yake yana dawa, afu na mimi nauliza, choo cha nyumbani kwenu kikoje? Hapo mtu anakaa kimya. Anajua gharama ya operesheni, anajua jina la daktari, ameshaanza kuchangisha kwenye grupu la familia, lakini choo hajakifikiria, kitanda hajakifikiria, kile kigoda cha jikoni ndio kabisaaa. Nimeona bora niandike yote hapa mtu asome kwa nafasi yake.

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Manzese, nyumba ya kupanga, tupo familia sita na choo ni kimoja cha kuchuchumaa kiko uani. Nina miaka 38. Selimundu ninayo tangu kuzaliwa kwa hiyo maumivu nimekua nayo, na nadhani hilo ndilo lililonichelewesha maana kila nikiumwa najiambia ni yale yale yatapita. Yalianza kwenye goti la kulia. Mwaka mzima nimehangaika na goti, zahanati moja wakanichoma sindano, wakanipa dawa ya kuchua, goti likapigwa eksirei mara mbili halionyeshi kitu na mimi usiku silali. Kumbe nyonga ikiharibika maumivu unaweza ukayasikia kwenye kinena, kwenye paja, hata kwenye goti, na goti lenyewe ni zima. Daktari wa mifupa alinilaza chali akaukunja mguu akaugeuza kidogo tu kwa ndani, nikapiga kelele mpaka nesi akachungulia. Dakika mbili hazikufika. Akasema goti tuliache, tukapige picha ya nyonga.

Ile picha ninayo mpaka leo. Nyonga ya kushoto kichwa cha mfupa wa paja ni mviringo mzuri kimekaa kwenye kikombe chake, ya kulia kimebonyea juu kama mpira uliopungua upepo. Kwa sisi wenye selimundu chembe za damu zinapojikunja zinaziba vimishipa vidogo vinavyolisha mfupa, pale juu kwenye kichwa cha paja damu haina njia nyingi za kupita, mfupa unakosa chakula unakufa, ukishakufa uzito wa mwili unaukandamiza unabonyea. Kwa hiyo ukiona kijana wa miaka 20 na kitu anachechemea na ana selimundu usimwambie anadeka, mpelekeni akapigwe picha, na ikiwezekana iwe emaraii (MRI) sababu mwanzoni kabisa eksirei inaweza isionyeshe kitu.

Niliogopa sana neno kubadilisha. Yaani mtu akukate mfupa atie chuma. Daktari akanitoa hofu, akasema hii sio kazi ya kujaribia, namna inavyofanyika siku hizi ilianzia Uingereza kwa daktari mmoja anaitwa John Charnley mwaka 1962, wanatoa kile kichwa kilichokufa, wanaingiza chuma ndani ya mfupa wa paja chenye kichwa kipya juu yake, na upande wa kiunoni wanaweka kikombe kipya, kile kichwa kinacheza humo ndani. Nikamuuliza inadumu muda gani. Hakunidanganya, akasema kuna utafiti mkubwa ulitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2019, walikuta karibu nyonga 6 katika kila 10 zinafika miaka 25, ila wengi wanaofanyiwa ni watu wazima na wewe bado kijana, kwa hiyo ujue ipo siku unaweza kuhitaji nyingine. Nilipenda alivyoniambia hivyo mapema kuliko nije kushangaa mbele.

Maandalizi ya hospitali nitayapitisha haraka maana wao wenyewe watakwambia. Nilipelekwa kwa daktari wa meno, nikashangaa meno na nyonga wapi na wapi, kumbe jino bovu lina wadudu wanaweza kupita kwenye damu wakaenda kukaa kwenye chuma kipya na wakishakaa pale kuwatoa ni shughuli nzito. Mkojo ukapimwa, ngozi ikaangaliwa kama nina jipu au kidonda. Wingi wa damu yangu siku zote unacheza kwenye 7 au 8, wakasema kwa operesheni kubwa kama hii mwenye selimundu wanataka ufike 10, kwa hiyo niliongezewa kabla, na ndugu zangu watatu wakaenda kuchangia damu, Mungu awabariki. Kama una selimundu hakikisheni daktari wa usingizi analijua hilo mapema na sio asubuhi ya siku yenyewe, sababu hatutakiwi kukaukiwa maji, hatutakiwi kupigwa baridi, na hewa ya oksijeni inatakiwa iangaliwe muda wote.

Sasa nyumba.

Dada wa fizio, yaani wa mazoezi ya viungo, alinikalisha wiki tatu kabla ya operesheni akaniambia masharti. Kwa wiki 12 za mwanzo usikunje nyonga kupita pembe mraba, yaani ukikaa goti lisiwe juu kuliko kiuno. Usikunje nne wala usipitishe mguu huu juu ya ule. Usigeuze kidole gumba cha mguu kikaangalia ndani. Ukivunja hayo, hasa zote kwa pamoja, kichwa kipya kinaweza kuchomoka kwenye kikombe. (Masharti yanategemea daktari amepasua kupitia wapi, mimi alipitia nyuma ya nyonga, wewe sikiliza ya kwako.) Akauliza, nyumbani unakaaga kwenye nini? Nikaanza kumhesabia nikasikia moyo unakwenda chini. Nakunia nazi juu ya mbuzi. Nafua nimeinama kwenye beseni. Nakula kwenye mkeka. Mkaa nauwasha nimechuchumaa. Choo cha kuchuchumaa. Kusali sijida na kitako. Makochi ya sebuleni yale ya kuzama. Sisi maisha yetu yote yako chini jamani! Karatasi aliyonipa ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye choo cha kukaa na meza ya kulia chakula.

Nikarudi nyumbani nikachukua futi yangu ya kupimia nguo. Mama alikuwa ameshakuja kutoka Tanga kuja kuniuguza, akanitazama tu napima kigoda. Unajipima kwanza wewe, unasimama peku mtu anakupima kutoka sakafuni mpaka kwenye mkunjo wa nyuma ya goti. Mimi ni inchi 16. Dada wa fizio alisema nikitaka kukaa salama nizidishe inchi kama tatu hivi, kwa hiyo changu inchi 19. Afu nikazunguka nyumba nzima. Mbuzi ya kukunia nazi inchi 7. Kigoda 9. Kochi 15, ukikaa likazama linakuwa 11. Kitanda 14. Kiti cha cherehani 18, hicho peke yake ndio kilikaribia. Nikaandika kwenye daftari la wateja, ukurasa wa nyuma, mkabala na vipimo vya suruali za watu.

Kitanda baba watoto alikinyanyua kwa matofali, mawili kila mguu, na katikati ya tofali na tofali akaweka kipande cha raba ya tairi lisiteleze, akakitikisa kwa nguvu zake zote kabla hajaniruhusu kulala. Kiti cha kukalia akaazima kwa fundi seremala wa mtaa wa pili, cha mbao chenye mikono, hiyo mikono ni lazima maana unainuka kwa kusukuma mikono na sio kwa kuinama mbele.

Choo ndio kilitusumbua. Ushauri wa mtaani ni kiti cha plastiki unatoboa katikati, na ndicho tulichoanza nacho, mdogo wangu akakitoboa kwa kisu cha moto akakiweka juu ya sinki la choo nikakaa kujaribu. Miguu ya kiti ikafunguka. Sakafu imelowa, plastiki inateleza, miguu ya nyuma ikaanza kutanuka kidogo kidogo, nikashika ukuta. Bado nilikuwa na nyonga yangu ya zamani siku hiyo, namshukuru Mungu nilijaribu mapema. Kwa hiyo nakwambia kabisa, usitumie kiti cha plastiki.

Tukaenda kwa fundi wa kuchomelea mageti. Nilidhani nampa kipimo tu anatengeneza, akasema hapana dada yangu nije nikaone. Akaja akachuchumaa pale chooni na kipande cha chaki, akanionyesha kitu ambacho nimekitumia hicho choo miaka tisa sijawahi kukiona, sakafu inateremka kuelekea kwenye tundu, kwa hiyo kiti chenye miguu sawa lazima kilale upande. Akaifanya miguu miwili mirefu nusu inchi kuliko mingine. Bomba la chuma, mikono pande zote mbili, chini raba nene alizokata kwenye soli za viatu, juu tukafunga kifuniko cha choo cha kukaa tulichonunua Kariakoo. Akakipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye geti la mtu. Majirani tuliwaambia wote kabla, kwamba kuna kiti kitakuwa kinakaa nyuma ya mlango wa choo, anayeingia asikitoe nje, na watoto wasikichezee. Kwa kujisafisha nikanunua birika lenye mdomo mrefu nisiwe naparamia kopo chini.

Mimi kazi yangu ilikuwa kushona. Nilishona mto wa kuweka katikati ya mapaja wakati wa kulala, nikaujaza vipande vya sponji vya dukani, mwembamba juu mpana chini, nikauwekea utepe wa kufunga usichomoke usiku. Nikashona mfuko wa kuning'iniza mbele ya woka, ile fremu ya kushikilia unapotembea, maana mikono yote miwili inashika woka na hakuna wa kukubebea simu wala chupa ya maji. Na madera mawili mapana yenye vifungo mbele, ya kuvaa bila kuinama. Kandambili niliziweka mbali, zinateleza kwenye maji, nikanunua ndala za raba zenye mkanda wa nyuma na mwanangu ndio alikuwa ananivalisha kila asubuhi kabla ya kwenda shule.

Siku yenyewe nilichomwa sindano ya mgongo, chini kote ganzi, juu niko macho kidogo nasinzia naamka. Wakanifunika mablanketi ya joto. Niliwasikia, msumeno, afu nyundo, kama kwa fundi seremala, ko ko ko, mwili mzima unatikisika ila maumivu hakuna hata chembe. Ukiogopa kusikia waambie mapema wakulaze kabisa au waongeze dawa ya usingizi.

Kesho yake asubuhi nikasimamishwa. Sikutegemea. Dada wa fizio na nesi huku na huku, woka mbele, nikakanyaga, kizunguzungu kikanishika nikarudishwa kitandani, mchana tukarudia nikapiga hatua sita. Lile jino la maumivu nililotembea nalo miaka miwili halikuwepo! Kidonda kinauma, paja limevimba, lakini lile la ndani kabisa lililokuwa linaning'ata kila nikikanyaga limekwenda. Nililia pale pale nimeshikilia woka na dada wa fizio akaniacha nilie akashika tu kiuno changu.

Kitu kingine, mguu wa kulia niliusikia mrefu kuliko wa kushoto. Nikaingiwa na hofu kwamba wamekosea kipimo. Walinipima hauko mrefu, ni misuli iliyokuwa imezoea kuvutwa upande sasa inajifunza upya, ilikaa wiki kama saba ikatulia. Usikimbilie kuweka soli kwenye kiatu kabla hawajakupima.

Nyumbani wiki mbili za mwanzo ni maji, dawa, kulala chali, na kuchezesha nyayo juu chini juu chini kila saa, hiyo ni kwa ajili ya damu isigande kwenye mguu. Nilikuwa na sindano za tumboni za kuzuia damu kuganda, mwezi na siku kadhaa, baba watoto alifundishwa na nesi kuzichoma. Usiziache katikati hata ukijisikia mzima. Zile dawa kali za maumivu zinaleta choo kigumu, na kujikamua juu ya kiti na kidonda kibichi ni mateso, kwa hiyo papai, maji mengi, na omba dawa ya kulainisha mapema.

Afu akaja shangazi.

Shangazi yangu nampenda sana na alitoka Bagamoyo na supu ya kongoro kwenye hotipoti na taulo mbili. Kamwagiza mwanangu abandike maji. Namwamkia, shikamoo shangazi, anaitikia marahaba mwanangu, huku anakunja mikono ya gauni, anasema huu uvimbe nakukanda leo na kesho, kwa siku tatu unatembea, mbona sisi tumekandwa kwa uzazi wote tukapona. Na mimi mguu ulikuwa umevimba kweli na nilitamani mtu aushike. Nikamwambia shangazi nisamehe, kidonda hakitakiwi maji, na mguu huu ndani unaweza kuwa na damu iliyoganda, ukichuliwa ikikatika inapanda mpaka kwenye mapafu mtu anaweza kufa hapo hapo. Akanyamaza. Nikaona amehuzunika, maana alichokuja nacho ni mikono yake. Mama akasema, wifi, mshike mguu wa kushoto, huo ni wako. Basi akakaa akaukanda mguu wa kushoto taratibu mpaka nikasinzia, na supu nikaimaliza yote. Ukiwa na mgonjwa wa nyonga nyumbani waandaeni ndugu kwa hilo jambo la kukanda, tena kabla hawajafunga safari, sababu kumkatalia mtu mzima akiwa ameshashika taulo ni kazi ngumu.

Wiki ya tano nilikosea. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu, mkasi ukaniponyoka, nikainama kuuokota. Mkono tu umekwenda wenyewe, miaka 20 mkasi ukianguka naokota. Nikasikia kitu kinavuta ndani, jasho likanitoka. Tukaenda hospitali kupiga picha, kichwa kiko mahali pake, nikapona na hofu tu. Mwanangu aliporudi akachukua sumaku kutoka kwenye spika mbovu akaifunga kwenye mpini wa mopu, toka siku hiyo mkasi, pini, sindano, vyote naviokota nimekaa wima. Mpaka sasa ninaitumia na sina mpango wa kuiacha.

Kazini nilirudi mwezi wa nne baada ya operesheni. Cherehani yangu ni ya miguu na mguu ninaokanyagia ni huu huu wa kulia, kwa hiyo nilianza nusu saa, nasimama natembea mpaka dukani kwa mpemba narudi, nusu saa nyingine. Kiti kilinyanyuliwa inchi mbili na cherehani nayo ikanyanyuliwa. Daladala sikupanda muda mrefu, ile ngazi ya kwanza iko juu na konda anasukuma, nilikuwa napanda mwendokasi maana kituo kimelingana na mlango wa basi unaingia tu kama unaingia chumbani. Kwenye ngazi kumbuka, kupanda unaanza na mguu mzima, kushuka unaanza na uliopasuliwa. Bakora unashika mkono wa upande mzima, wengi wanashika upande wa mguu mgonjwa, hata mimi nilidhani hivyo.

Sala nilisali kwenye kiti na bado nasali kwenye kiti. Daktari amesema sijida nikiwa mwangalifu huenda baadaye, kukaa kitako chini tuache. Ramadhani ya mwaka huu niliumia moyoni kuwaona wenzangu wako kwenye mkeka na mimi niko juu, mwanangu wa mwisho akaja kukaa kwenye stuli pembeni yangu akasema na yeye mguu unamuuma. Nazi anakuna mama. Nimeshamwambia akirudi Tanga nitanunua ile mashine ya kuzungusha ya kufunga mezani.

Nilipoacha kukitumia kile kiti cha chooni nilitaka kumpa kijana mmoja wa kliniki yetu ya selimundu ambaye na yeye amepangiwa nyonga. Baba watoto alipokwenda kukitoa, mzee wa chumba cha mwisho akatoka akamwambia, mwanangu, hicho mkikitoa mimi nitaenda wapi? Kumbe miezi yote hiyo mzee na magoti yake alikuwa anakitumia na hakuna aliyejua, asubuhi anaamka kabla ya wote. Kiti kimebaki. Juzi kliniki nilikwenda na futi, nikamsimamisha yule kijana peku kwenye korido, inchi 18 nyuma ya goti, ni mrefu kuliko mimi. Chake kitakuwa 21. Leo jioni fundi anaenda kwao Mbagala na chaki yake kuangalia sakafu inateremkia wapi.